Subaru STI ya Kawaida au Type S: Soma Hapa Kabla Hujalipia Springi Nyekundu

Juzi usiku nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Mwanza. "Shikamoo kaka. Naagiza STI. Nimepata mbili, zote za 2016, moja ya kawaida na moja Type S. Bei zimepishana ila naimudu. Nichukue ipi? Nijibu kwa neno moja tu, najua upo bize."

Neno moja! Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Swali hili mwaka 2021 nililijibu mwenyewe kwa sekunde tano, na jibu lake nimelilipia kwa hela, kwa mgongo na kwa maneno ya watu. Mdogo wangu utanisamehe, neno moja halitoshi. Na kwa kuwa najua kwenye kundi letu la Subaru tuko wengi tunaoliota gari hilihilo, acha niseme mbele ya wote.

STI tunayoizungumza ni Subaru WRX STI ya toleo la VAB, iliyoingia sokoni Japani Agosti 2014. Injini ni EJ20, lita 2 na turbo, nguvu farasi 308, gia 6 za kukanyaga klachi, breki za Brembo, inavuta tairi zote nne. Hayo yote unayapata hata kwenye ile ya kawaida. Type S inakuongezea shokapu za kampuni ya Bilstein, springi ngumu za STI zilizopigwa rangi nyekundu, rimu za BBS na lile bawa kubwa la nyuma. Farasi hawaongezeki hata mmoja.  Tofauti kubwa iko huku chini.

Mimi nilikuwa na karatasi mbili za mnada mezani. Nyeupe ya kawaida, kilomita 38,000, daraja la ubora la mnada 4.5. Bluu ya Type S, kilomita 71,000, daraja la 4, na bei juu. Kuna picha moja ya ile bluu imepigwa kwa pembeni, na katikati ya vijiti vya rimu unaiona springi nyekundu inachungulia. Picha ile niliivuta mpaka ikawa miraba miraba. Mke wangu akainama juu ya bega langu, akauliza, "Baba watoto, mbona hii nyeupe ndiyo imetembea kidogo?" Nikamwambia mambo ya magari aniachie mimi.

Mambo ya bandarini na ushuru nayaruka, kila mtu ana kidonda chake pale.

Siku ya kwanza nilikuwa mfalme. Nakaa Makabe, Dar es Salaam, kwa hiyo kutoka mjini napita Kimara kwenye njia nane. Pale lami imenyooka, na gari lile lilikaa chini kama limegundishwa. Ukigusa usukani, pua imeshageuka. Ukikanyaga breki, halichovyi mbele kama magari mengine. Nilicheka peke yangu ndani ya gari, nakiri. Kisha nikakata kona kuingia mtaani.

Kwetu kutoka lami mpaka getini ni kama kilomita mbili na nusu. Vumbi, kokoto, na mifereji ambayo mvua imejichimbia bila kuomba kibali. Lile gari lilinisomea barabara ile neno kwa neno, na nukta zake, na mikato yake. Kila kijiwe nilikijua kwa jina. Nilifika nyumbani nikajiambia nitazoea.

Mwezi wa pili tangu nilipate gari, mama alikuja kututembelea. Nikaenda kumpokea stendi ya Magufuli, nimelisafisha gari linang'aa. Kwenye lami alikuwa anasifia. Tulipoingia mtaani akakamata ule mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili, akanyamaza. Katikati ya njia akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hili gari halina springi?"

Nikamjibu, "Mama, springi ndizo nilizolipia."

Hakucheka. Siku ya kuondoka aliomba aitiwe bajaji. Mama yangu mzazi amepanda bajaji mbele ya geti langu, majirani wanaangalia, na STI imeegeshwa ndani. Kuna watu mtaani hadi leo wanaamini nilimnyima lifti.

Sasa tuelewane vizuri, kwa sababu wengi wanachanganya. Springi kazi yake ni kubeba uzito. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi, isiendelee kupanda na kushuka baada ya kupita tuta. Ukikaza springi, gari halilali kwenye kona, lakini springi ngumu inahitaji shokapu yenye nguvu ya kuishika. Ndiyo maana Type S imepewa vyote viwili kwa pamoja, vimepimwa kiwandani kama mke na mume. Halafu ongeza tairi. Hii ina 245/40R18, maana yake ubavu wa tairi ni milimita 98 tu. Mpira wenyewe hauna pa kukusaidia.

    

Kwenye mvua za mwaka uliofuata niliingia kwenye shimo lililojaa maji. Rimu ya mbele kushoto ikapinda mdomo, na wiki chache baadaye nikaona shokapu ya upande huohuo imelowa mafuta, vumbi limegandia kama kashata. Fundi wangu akaipapasa kwa kidole, akanionesha. "Bosi, hii imeshakufa. Na ujue zinabadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia."

Nikauliza bei ya mpya za kuagiza. Sitaitaja, nisije nikakutia presha. Nikaanza kuhangaika na maduka, na duka moja, silitaji, likaniambia wanazo Bilstein, tena jozi, kwa theluthi ya ile bei. Za njano kabisa, rangi ya Bilstein, stika imekaa. Nililipa mkononi na nikaondoka haraka, eti kabla muuzaji hajashtuka kwamba amekosea bei! Fikiria mtu mzima anavyoweza kujidanganya.

Fundi hakusema kitu. Alichukua kitambaa, akakichovya kwenye petroli, akafuta mara moja. Kitambaa kikatoka njano. Akafuta tena, ikaonekana rangi nyeusi na jina la kampuni nyingine ambalo nusu yake lilikuwa limesagwa kwa msasa. Nilirudi dukani na kitambaa kile mkononi. Waliniangalia kama nimewaletea matatizo ya nyumbani kwangu.

Hela ilikuwa imekwenda, nikazifunga hivyohivyo. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, na naomba ulisome mara mbili: springi ngumu juu ya shokapu laini. Tulikuwa tunakwenda Iringa, ukweni. Baada ya Morogoro, kila tukipita rasta na tuta, pua inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, kama ngalawa. Mara tatu, mara nne. Kwenye kona moja yenye viraka, mvua inanyesha, nikasikia mkia unahama kidogo. Kidogo tu, kiasi cha kiganja. Mke wangu akafumbua macho, akaniangalia, hakuniuliza kitu. Tangu pale mpaka Mikumi nilikwenda 60, malori yananipita. STI, inapitwa na lori la mbao.

Tuliporudi, jamaa mmoja wa kundi letu mwenye STI ya kawaida akanishauri tubadilishane magari asubuhi moja. Tulianzia mtaani kwangu. Yake ilipita ile mifereji kwa 30 na nikawa naongea naye bila kuuma ulimi. Nikasema sawa, hilo nililitegemea, ngoja twende kwenye kona. Tukatafuta kona ninayoijua, ya lami ya zamani yenye mawimbi katikati. Na hapo ndipo moyo uliponiuma, kwa sababu gari lake lilitulia kuliko langu, hata kuliko langu lilivyokuwa siku zile Bilstein bado nzima. Langu lilikuwa linarukaruka juu ya mawimbi, lake linayafuata.

Sababu siyo uchawi. Tairi iliyo hewani haishiki barabara. Springi ngumu imetengenezwa kwa lami iliyonyooka, ambapo adui ni gari kulala kwenye kona. Kwenye lami yenye mawimbi adui ni tairi kuruka, na hapo iliyo laini inashinda. Sisi tunaovaa kofia za Subaru tunapenda kusimulia mbio za Safari Rally, dereva Colin McRae alivyoshinda Kenya na Subaru 1997 na Richard Burns alivyoshinda nayo tena 2000. Lakini tazama picha za magari yale. Yameinuliwa! Yana miguu mirefu, shokapu zinashuka na kupanda umbali mkubwa. Hakuna aliyekwenda Safari na gari lililolazwa chini. Sisi tunabandika stika ya gari la Safari juu ya gari lililowekwa kwa ajili ya barabara za Japani, kisha tunalipeleka Makabe.

Nisiseme uongo hata hivyo. Zile Bilstein zilipokuwa nzima, nilipata asubuhi moja ambayo siwezi kuiuza. Mlima Kitonga, njia ya Iringa, saa kumi na mbili na robo, malori yalikuwa bado hayajaanza kupanda. Kwa kawaida Kitonga unapanda nyuma ya semi kwa 15, unanusa breki na klachi za watu mpaka juu. Siku ile njia ilikuwa tupu, lami kavu, bonde limejaa ukungu upande wa pili. Gia ya tatu, ya pili, ya tatu. Gari halikulala hata mara moja. Nilifika juu nikasimama pembeni nimetetemeka mikono. Kwa dakika zile chache Type S ilikuwa na thamani ya kila shilingi. Tatizo ni kwamba Kitonga tupu nimeipata mara moja, na mtaa wangu ninaupita mara mbili kila siku.

Kwa hiyo nilifanya nini? Nilitafuta seti nzima ya mtumba iliyotoka kwenye STI ya kawaida, shokapu pamoja na springi zake, miguu yote minne, na safari hii nilikwenda dukani na fundi mwenyewe na kitambaa cha petroli mfukoni. Tukafunga, tukapiga alaimenti, nikatafuta rimu za 17 zenye tairi 235/45 (uzijaribishe kwanza, siyo rimu zote za 17 zinazopita juu ya Brembo). Springi nyekundu ziko stoo zimefungwa kwenye khanga. Mke wangu akiona ile khanga ananiuliza kama mambo ya magari bado nimeachiwa mimi.

Vijana wenzangu, tatizo letu ni kununua gari la picha. Tunanunua gari la siku tutakayokuwa na muda, na barabara, na mafuta ya kuchezea, wakati gari linaanza kazi kesho asubuhi kupeleka mtoto shule. Usiulize kundini ipi ni kali. Kundini wote tutakujibu Type S, maana siyo mgongo wetu. Pima barabara ya kwako. Chukua simu, rekodi kutoka getini mpaka lami, kisha itazame ukiwa umetulia. Kama lami inakufikia mlangoni na safari zako ni za barabara kuu, chukua Type S, utaifurahia na siku ya kuuza itauzika. Kama lami haikufikii, chukua ya kawaida, na hela iliyobaki weka kwenye tairi nzuri na bushi mpya. Ya kawaida unaweza kuikaza baadaye ukitaka. Kuilainisha Type S ndiyo kazi niliyokusimulia. Narudia tena: barabara ya kwako, siyo ya kwenye video.

Basi yule kijana wa Mwanza nilimwomba anirekodie njia ya kwake. Akanitumia sekunde 40. Mawe ya Mwanza mnayajua. Kuna mahali pikipiki imesimama inasubiri mbuzi wapite, na kuna mahali kamera yenyewe inaruka mpaka inaonesha mawingu. Nikamjibu kwa lile neno moja alilotaka: "Kawaida."

Akakaa kimya kama dakika kumi, kisha akaandika, "Nashukuru sana kaka. Ila ile Type S nimeilipia jana."

Nimemwambia hongera. Na nimemwambia, likifika bandarini, kabla hawajaliosha, ainame apige picha shokapu ya mbele kushoto na ya kulia, anitumie.