Chatu si kuku

Juzi nimemkuta mdogo wetu mmoja, wiki mbili tu kazini, anamtumbukizia chatu panya. Chatu huyohuyo alitapika jana yake. "Kaka, tumbo tupu, namwonea huruma." Nikaketi kwanza. Haya, wageni wa vizimbani, sikilizeni.

1. Panya asizidi unene wa nyoka pale alipo mnene kabisa. Wa barafu ayeyuke mpaka katikati.

2. Panya wa mtaani hapana, hata akiletwa bure. Huenda kala sumu.

3. Joto. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wangu wa kwanza, Julai, baridi ya Arusha mnaijua. Nilikuwa na chatu jike mchanga, kipenzi cha watoto wa shule. Ijumaa jioni nikampa sungura mkubwa, kwa kuwa wageni walikuwapo nami nilitaka makofi. Usiku umeme ukakatika. Nyoka hana moto wake mwilini. Asipopata nyuzi 30 hivi pa kujilaza, nyama inamwozea tumboni. Hayo niliyajua, yalikuwa daftarini mwangu! Jumamosi nikamtoa, nikamvisha watu shingoni wapige picha. Jumapili kizimba kilinuka mpaka getini: sungura mzima, manyoya chapachapa.

Hapo bado angepona. Lakini Jumanne, kwa huruma ileile ya mdogo wetu, nikampa panya. Akatapika. Wiki iliyofuata mwingine. Akatapika. Kila mara maji ya mwili yanatoka, na asidi inamchoma koo. Tulipomfikisha kwa daktari wa mifugo, mgongo ulishachongoka kama paa la bati. Akafa Septemba. Watoto walimuulizia hadi Krismasi, nami nikawa nawaambia amehamishwa.

4. Akitapika: wiki mbili bila chakula, maji safi, joto, kisha kipanya nusu ya kawaida. Akirudia, daktari, huenda ni vimelea.

5. Akishakula, siku mbili usimguse. Moyo wa chatu wa Burma umepimwa ukikua kwa asilimia 40 ndani ya saa 48 baada ya mlo. Wewe ukishiba pilau ya harusi, unataka kubebwa kichwa chini?

6. Macho yakifanya ukungu, anakaribia kujivua gamba, hatakula. Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo msinipigie simu saa tano usiku.

Yule panya wa juzi nimempa moma. Kizimba namba nne nimebandika karatasi: ASILISHWE HADI TAREHE 20. Mwandiko ni wangu, na funguo ninalala nazo.