Makabati yanaonyesha hasara: niache kuyatengeneza?

SWALI: Karakana yangu inatengeneza makabati na viti. Kwa mwezi nauza makabati 100 kwa bei ya 900 kila moja, na viti 400 kwa 200. Mbao, vifaa na malipo ya fundi (analipwa kwa kipande) ni 600 kwa kabati na 100 kwa kiti. Pango, ulinzi, mshahara wa msimamizi na uchakavu wa mashine ni 60,000. Kabati hula saa 6 za fundi na saa 1 ya mashine. Kiti saa 1 ya fundi na dakika 45 za mashine. Mhasibu amegawa hizo 60,000 kwa saa za mafundi, makabati yakatoka na hasara. Nibaki na viti tu?

JIBU: Usiyaondoe, walau si kwa sababu ya hesabu hiyo.

Tazama alichofanya mhasibu. Saa zote za mafundi ni 1,000, na makabati yametumia 600, kwa hiyo yamebebeshwa 36,000. Kila kabati hubakiza 300 baada ya kulipia mbao na fundi. Hicho ndicho wahasibu hukiita mchango, na kwa makabati yote ni 30,000. Toa 36,000, unapata hasara ya 6,000. Viti vina mchango wa 40,000, vimebebeshwa 24,000, vikabaki na faida ya 16,000. Karakana nzima ina faida ya 10,000.

Sasa gawa kwa saa za mashine: makabati 100, viti 300. Makabati yanabeba 15,000 na kupata faida ya 15,000, viti vinabeba 45,000 na kuingia hasara ya 5,000. Jumla bado ni 10,000! Hakuna mbao iliyoshuka bei wala mteja aliyeongezeka. Hasara imehamishwa tu. Kigezo kipi ni sahihi? Uchakavu wa mashine angalau unaendana na saa za mashine. Mlinzi, yeye analinda geti, halindi kiti wala kabati.

Ukiyafuta makabati, mchango wao wa 30,000 unaondoka, lakini mwenye jengo hapunguzi pango. Viti vitabaki na 40,000 dhidi ya 60,000, yaani hasara ya 20,000. Kisha mwezi unaofuata mzigo wote utavilalia viti, navyo vitaonekana havifai. Muulize mhasibu wako: nikiacha makabati, ni kiasi gani cha hizo 60,000 sitalipa tena? Jibu likiwa chini ya 30,000, makabati yanakulipa. Na kama mashine ndiyo inayokubana, yanakulipa kuliko viti: saa moja ya mashine huleta 300 kwenye kabati, kwenye kiti 133 hivi.

Mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni muundo wa gharama zako. Mchango wote ni 70,000, na 60,000 kati yake inamezwa na gharama zisizobadilika. Mauzo ya bidhaa zote mbili yakishuka kwa asilimia 10 tu, mchango unakuwa 63,000 na faida 3,000. Faida imeanguka kwa asilimia 70. Yakipanda, nayo hupaa vivyo hivyo, ndiyo maana wengi hawaioni hatari mapema. Wapo wanaokodi mashine kwa saa badala ya kununua: saa huwa ghali, lakini mwezi mbaya hauwaui.

Niongeze tahadhari. Mgawanyo haubadilishi faida ya jumla pale unapouza vyote ulivyotengeneza. Ukitengeneza zaidi ya unachouza, sehemu ya gharama za uzalishaji hubaki kwenye thamani ya mali iliyoko stoo, na faida ya mwezi huo inavimba bila mteja mpya. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinabana mchezo huo kwa kutaka gharama zisizobadilika za uzalishaji zigawanywe kwa uwezo wa kawaida wa karakana. Kazi ikipungua, kiasi ambacho hakikubebwa na bidhaa kinaingia moja kwa moja kwenye gharama za kipindi hicho. Gharama za kuuza haziingii stoo kabisa.

Kwa hiyo mwombe mhasibu taarifa nyingine. Kila bidhaa iwe na mistari miwili: mchango wake, na gharama zitakazokoma bidhaa hiyo ikikoma. Pango liandikwe chini, peke yake, bila kubebeshwa bidhaa yoyote.