Gari zapita mbio shuleni, tumwone nani?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi mzazi huku kijijini nje ya Malindi, bodaboda na matatu zapita hapo shuleni kama zafukuzwa na watoto wavuka asubuhi bado giza, je tukipanga mawe wenyewe?

JIBU: Marahaba. Mawe hapana, usiku mtu wa boda atayavaa. Andikeni barua na kamati ya shule, chifu aione, muipeleke KeRRA, wale wa barabara za vijijini, ama KeNHA, wale wa barabara kuu, ikiwa ni ile barabara kubwa ya Mombasa. Ombeni spidi ya 30 kwa saa, ndo WHO, shirika la afya duniani, washauri penye watoto, manake gari ikienda 60 badala ya 30 breki zahitaji umbali mara nne mpaka isimame. Na kibao pekee, wallahi, madereva wetu hawakioni, daini na matuta.