Maswali ya Wasomaji: Ganda Jepesi la Mashua ya Mfano

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaunda mashua ya mfano yenye urefu wa sentimita 80, ambayo nitaiendesha kwa rimoti. Ganda lake nimelitengeneza kwa matabaka matatu ya kitambaa cha nyuzi za kioo na rezini ya poliesta (kimiminika kinachoganda na kuwa kigumu), lakini limekuwa zito, gramu 700, na nilipoliweka majini lilivuja karibu na mkuku, yaani ule uti wa chini ya mashua. Je, niongeze tabaka la nne? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, usiongeze. Maji hayapenyi kwa sababu ganda ni jembamba, bali hupita katika vitundu vilivyoachwa na hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, mahali ambapo rezini haikuzama. Mkukuni ndiko hewa hunaswa zaidi, kwa kuwa kitambaa hakikubali kukunjwa kwenye pembe kali; hujiinua na kuacha uwazi chini yake. Utakapounda ganda jipya, pembe hiyo ilainishwe kwa msasa kwenye kalibu (umbo linalotandazwa kitambaa) mpaka iwe mviringo, na kitambaa kikatwe mshazari, kwa digrii 45, ili kilale vizuri kwenye mapindo.

Kuhusu uzito, tufanye hesabu. Ganda lako lina eneo la takriban mita 0.2 za mraba. Matabaka mawili ya kitambaa chenye gramu 160 kwa mita ya mraba yatakuwa na gramu 64, na rezini ikitumika kwa uzito uleule, ganda zima litakuwa na gramu 128 hivi, na unene usiofika nusu milimita. Gramu zako 700, kama kitambaa chako hakikuwa kizito mno, zimetokana na rezini iliyozidi, ambayo haiongezi nguvu yoyote ya maana. Kwa hiyo pima kitambaa kwenye mizani kwanza, kisha changanya rezini kulingana na uzito huo. Na baada ya kupaka, isukume kwa kipande cha plastiki kutoka katikati kwenda ukingoni, hadi kitambaa kiwe angavu bila kung'aa kwa unyevu.

Nakushauri utumie epoksi, rezini ya aina nyingine, badala ya poliesta, hasa ukichonga kalibu kwa lile povu jeupe la maboksi ya samaki, kwa sababu poliesta huliyeyusha. Kalibu hiyo izungushie tepu ya kufungia katoni na uipake nta, nayo epoksi haitaishika. Kigumishi cha epoksi kipimwe kama mtengenezaji alivyoagiza, kamwe si kwa macho: kikizidi au kikipungua, ganda litabaki laini. Kwa joto la pwani, changanya kidogo kidogo katika chombo kipana, maana rezini iliyorundikana kikombeni hujipasha moto na kuganda kabla hujaimaliza. Vaa glavu, na barakoa unapopiga msasa, kwani vumbi la kioo hudhuru mapafu.

Ganda likishakauka, lioshe kwa maji ili kuondoa utelezi unaoweza kubaki juu ya epoksi, lipige msasa, kisha upake ndani mkono mmoja mwembamba wa epoksi wa kuziba vitundu. Kabla ya kufunga mota na betri, mimina maji ya vidole viwili ndani yake, liweke juu ya gazeti kavu usiku kucha, na asubuhi weka alama popote gazeti lilipolowa.