Picha ya mzee mwenye medali: tafuteni mwaka kwanza, jina litafuata

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Isevya, Tabora. Babu mzaa mama alipofariki tulikuta nyuma ya kabati lake picha kubwa ya kuchorwa kwa rangi kwenye turubai. Ni mwanamume wa makamo, kilemba kichwani, joho jeusi, na medali inaning'inia shingoni kwa mnyororo. Nyuma kuna maandishi yaliyofifia, hayasomeki. Wajomba wanasema ni mtemi, bibi anasema ni liwali, na jirani anaapa kuwa ni Tippu Tip. Tutamjuaje? Na je, tuisafishe kwanza ili uso uonekane vizuri?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho kwa kuwa halingoji: msiisafishe. Si kwa kitambaa cha maji, si kwa mafuta, si kwa kiazi wala limau kama watu wanavyoelekezana. Rangi ya zamani ina nyufa nyembamba, na maji yakipenya humo rangi hubanduka vipande vipande. Hayo maandishi ya nyuma nayo yanaweza kufutika kwa mpanguso mmoja. Iwekeni pakavu, mbali na moshi wa jikoni, basi.

Sasa huyu ni nani? Naona nyote mmeanza na uso. Mimi ningeuacha uso mwisho, maana kufanana hakuna mwisho wa ubishi. Tafuteni miaka. Mkishajua picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani wala baada ya mwaka fulani, majina mengi yatajiondoa yenyewe.

Na miaka hiyo huenda iko kwenye medali. Mwaka 1920 Waingereza walianzisha medali ya mfalme ya kuwatunuku machifu wa Kiafrika, na zipo zilizovaliwa shingoni. Mbele yake huwa na kichwa cha mfalme aliyekuwa akitawala. Chukueni kioo cha kukuza, sogeeni karibu na dirisha, mtazame alichochora fundi. Akiwa mtu mwenye ndevu, huyo ni George wa Tano, aliyefariki Januari 1936. Asiye na ndevu ni George wa Sita, aliyetawala tangu Desemba 1936 hadi 1952. Akiwa mwanamke, ni Elizabeth. Mkiona kichwa chochote kati ya hivyo, Tippu Tip ametoka, kwani alifariki Zanzibar mwaka 1905. Tena pekueni masanduku ya babu kwa makini, huenda medali yenyewe imo. Medali nyingi za Kiingereza za Vita ya Kwanza zilichongwa jina na kikosi cha mwenyewe kwenye ukingo wake mwembamba, ingawa hizo zilivaliwa kifuani kwa utepe.

Joho na kilemba visiwapoteze. Liwali alivaa hivyo, kadhi alivaa hivyo, na watemi wa Unyamwezi pia.

Kabla ya kuiamini medali, hakikisheni haikuongezwa baadaye. Azimeni kwa wakala wa pesa ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti bandia, mfunge madirisha usiku, mmulike picha bila kuielekeza machoni. Rangi iliyopakwa miaka ya baadaye mara nyingi huonekana kama doa jeusi juu ya rangi inayoizunguka. Kisha mulikeni maandishi ya nyuma. Wino wa zamani wenye madini ya chuma hukolea chini ya mwanga huo, na herufi zilizopotea hurudi. Yakiwa ni ya penseli hamtapata kitu. Hapo tumieni tochi ya kawaida kutoka ubavuni, mpige picha kwa simu.

Mkiwa huko huko nyuma, angalieni turubai imeshikwa na nini. Misumari midogo yenye vichwa ni dalili ya ukale. Pini za stepla ni za katikati ya karne ya 20 na kuendelea, au turubai iliwambwa upya. Tazameni pia kama kuna muhuri wa muuza turubai, mfano Winsor & Newton wa London au Lefranc wa Paris.

Jambo moja watu hulipita: picha nyingi za aina hii zilikuwa fotografia iliyokuzwa, kisha ikapakwa rangi juu. Kwenye vivuli vya shingo na masikio, pale rangi ilipo nyembamba, mkiona wekundu wa kahawia au kijivu laini kisicho na mkwaruzo wa brashi, basi kulikuwa na fotografia, na nakala yake huenda iko kwenye albamu ya ndugu mwingine.

Kwa wazee nendeni mmoja mmoja, wala msitaje jina lolote. Mkiuliza "Je, huyu ni mtemi fulani?" mzee atawaitikia kwa heshima tu. Ulizeni picha ilikuwa ikining'inia nyumba ya nani, nani aliihamisha, joho lile lilikwenda kwa nani. Wala msifuate upande wa baba peke yake: katika himaya kadhaa za Unyamwezi utemi ulipita kwa mtoto wa dada, na picha kukutwa kwa babu mzaa mama ni jambo ninalolipa uzito.

Miaka ikiangukia baada ya 1920, Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, wana Vitabu vya Wilaya, ambamo mabwana shauri waliandika orodha za watemi na nasaba zao. Ombeni cha Tabora. Someni kwanza yale ya miaka mliyoipata, kisha mlinganishe na majina ya wazee. Upande wa familia wenye Wakatoliki, daftari za ubatizo za misheni kongwe kama Ndala huandika wazazi na wasimamizi.

Nitumieni picha tatu: mbele, nyuma nzima, na medali kwa karibu. Na hadi tupate uhakika, msiandike jina kwenye turubai wala fremu. Andikeni kwenye karatasi ya pembeni nani alisema nini, na tarehe aliyosema.