Ukialikwa Kunde za Mwaka Mpya, Usiende na Kuku

Ukialikwa chakula cha mwaka mpya kusini mwa Marekani, usiende na kuku. Najua kwetu sikukuu bila kuku haijakamilika, na mtu akituambia tuje na chochote, pilau ya kuku ndiyo inayotujia kichwani kwanza. Lakini wazee wa huku wanakuambia kuku huparua ardhi akirusha udongo nyuma, kwa hiyo ukimla tarehe 1 Januari, mwaka mzima utakuwa unarudi nyuma. Nguruwe ndiye mwenye sifa, maana yeye hufukua akielekea mbele. Naishi Georgia muda mrefu sasa na hoja hiyo bado inanichekesha, ila kuku wangu hubaki kwenye friji hadi tarehe 2.

Chakula chenyewe ni kunde na wali, majani ya koladi, na mkate wa unga wa mahindi, na huliwa ili mwaka unaoanza uwe wa heri na fedha. Kunde ni sarafu, majani ni noti, mkate wa manjano ni dhahabu. Wapo wanaoweka sarafu ya senti kumi chini ya bakuli, na wapo wanaoitumbukiza sufuriani humo humo. Kama mwenyeji wako ni wa kundi la pili, tafuna taratibu. Na usiulize kama mkate wa mahindi hutiwa sukari au hautiwi. Huo ni ugomvi wa zamani wa familia za huku na mgeni hauwezi.

Kunde na wali vikipikwa pamoja huitwa Hoppin' John, na hapa ndipo Mswahili anapokuwa na neno la kusema jikoni. Siku hizi nyumba nyingi hupika wali mbali na kunde mbali, kisha wanamwagia juu. Si vibaya, lakini si ule wa asili. Kitabu cha mapishi kilichochapishwa Charleston, Carolina Kusini, mwaka 1847 kinataka ratili moja ya bekoni, painti moja ya kunde nyekundu na painti moja ya mchele. Kunde zinatangulia motoni, bekoni inaingia zikiwa nusu kuiva, mchele unafuata humo humo. Baada ya nusu saa sufuria inaepuliwa na kuwekwa juu ya makaa ili wali umalizike kwa mvuke. Ukilelewa kwenye nyumba ya kupalia wali, huhitaji maelezo zaidi.

Mimi hufanya hivi. Kunde nazichambua na kuziloweka usiku, nazichemsha ziive lakini zisipasuke, kisha nazichuja na maji yake nayahifadhi. Hayo maji ya kahawia ndiyo yenye utamu wote, usiyamwage. Nakaanga kitunguu, pilipili hoho na seleri kidogo, natia mchele mrefu uliooshwa, narudisha kunde, halafu napima maji ya kunde vikombe viwili kwa kila kikombe cha mchele. Chumvi, pilipili manga, nafunika. Yakikauka, natia sufuria kwenye oveni yenye moto mdogo kwa dakika kumi na tano hivi, maana makaa sina. Usikoroge baada ya mchele kuingia, utapata bokoboko.

Utajaribiwa kutia nazi. Kunde za nazi nazipenda kuliko hizi, nasema wazi, lakini hicho ni chakula kingine. Mara ya kwanza pika kama wanavyopika wao, halafu za nazi zilete kwenye bakuli la pembeni. Kwa jirani yangu mmoja, bibi wa makamo ambaye familia yake ni ya pwani ya huku, bakuli la pembeni sasa ndilo linaloisha kwanza.

Kunde nunua mapema. Wiki ya mwisho ya Desemba rafu za supamaketi huwa tupu, hasa zile nyeupe zenye jicho jeusi. Zikikosekana, nenda duka la Wahindi ukaulize lobia, ni hizo hizo na aghalabu ni rahisi zaidi. Za kopo soma maandishi kwanza, kwa sababu nyingine zina nyama ya nguruwe ndani.

Kwa Waislamu, hilo la nguruwe ndilo la kuangalia kuliko yote, na halimo kwenye kunde peke yake. Koladi ni jamii moja na sukuma wiki, lakini huku hazikaangwi harakaharaka. Zinachemshwa saa nzima au zaidi pamoja na mfupa wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, na supu yake watu huchovyea mkate. Ukiona majani matupu kwenye sahani usidhani ni salama. Mpigie mwenyeji siku chache kabla, umwambie. Familia nyingi za Wamarekani Weusi siku hizi hutumia bata mzinga wa moshi, na hata huyo uliza kama ni halali. Njia rahisi ni kujitolea kuleta sufuria yako mwenyewe isiyo na nyama. Paprika ya moshi inatosha kutoa ile harufu. Hakuna atakayekasirika.

Shangazi yangu wa Tanga aliniuliza kwenye simu kama siku hizi ninakula uganga. Nilimwambia watu ninaokula nao wengi wametoka kanisani kwenye mkesha, na mkesha wenyewe una historia. Zamani za utumwa, Januari mosi ilikuwa siku ya kuogopwa, kwani ndipo watumwa walipokodishwa kwa mabwana wengine kwa mwaka mzima, mama huku, mtoto kule. Kisha usiku wa tarehe 31 Desemba 1862 watu walikesha wakisubiri tangazo la Rais Lincoln la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, nalo likatolewa kesho yake. Watu wenye kumbukumbu ya namna hiyo wakiitakia tarehe hiyo heri kwa sahani ya kunde, mimi sioni uganga. Wewe pima na imani yako.

Kunde zenyewe ni zao la Afrika, zilivuka bahari pamoja na watumwa. Mchele wa mashamba ya Carolina na Georgia nao ulilimwa na watu waliotoka sehemu za Afrika Magharibi ambako kilimo hicho kilijulikana vizuri, na wajukuu wao, Wagullah Geechee, bado wako kwenye visiwa vya pwani hii. Tusijitwalie sifa lakini: wengi wao walitoka Afrika Magharibi na Angola, si pwani yetu. Mezani mwache mwenyeji asimulie.

Ukipika wewe, pika zibaki. Kiporo cha tarehe 2 kina jina lake, Skippin' Jenny, na wanasema anayekila ameonyesha anajua kubana matumizi, kwa hiyo bahati yake huongezeka. Wali tu usiulaze nje, uingie kwenye friji jioni ile ile. Asubuhi upashe kwenye kikaango chenye mafuta kidogo mpaka ushike ukoko, weka chachandu pembeni, na yule kuku sasa unaweza kumtoa.