Baridi ndiyo iliyowachelewesha

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza: India ilikuwa ikirusha roketi zake za PSLV tangu miaka ya 1990, sasa kwa nini ilichelewa mpaka Januari 2014 kupeleka setilaiti kwa hatua ya krayojeniki (sehemu ya roketi inayochoma gesi zilizopozwa mno mpaka zikawa kimiminika) iliyoiunda yenyewe, na mwaka 2010 kiliharibika nini hasa? Tena unatafuta mradi wa mwaka wa mwisho. Nitakujibu kwa kirefu, maana unasomea mitambo na jibu la juu juu halitakufaa.

Roketi yenyewe ni GSLV. Chini kuna mota ya fueli yabisi ya tani 138 hivi, imezungukwa na roketi nne za kimiminika. Hatua ya pili nayo ni ya kimiminika, na vimiminika vyake huwaka vyenyewe vikigusana. Vinakaa tankini kwa joto la kawaida bila shida. Kazi iko hatua ya tatu: oksijeni ya nyuzi 183 chini ya sifuri na haidrojeni ya nyuzi 253 chini ya sifuri, jumla karibu tani 12.5. Watu hujitia tabu hiyo kwa sababu ya nguvu inayopatikana kwa kila kilo. Kilo moja ya mchanganyiko huo, katika injini ya India ya hatua hiyo, CE-7.5, inatoa msukumo wa kilo moja kwa sekunde 454 hivi. Injini ya hatua ya pili haifiki 300. Na kila kilo unayoiokoa kwenye hatua ya mwisho unaihamishia kwenye setilaiti.

Ujuzi huo India ilitaka kuununua Moscow kwa mkataba wa 1991. Marekani ikapinga kwa hoja ya makombora, na mwaka 1993 Urusi ikaacha kutoa ujuzi, ikauza hatua zilizokwisha kuundwa. Hoja hiyo mimi siioni uzito wake: nani aweke haidrojeni inayochemka muda wote kwenye kombora linalotakiwa kukaa tayari miezi? Mwaka uliofuata India ikaanza mradi wake.

Sasa ugumu wenyewe. Chukua pande la alumini la mita moja, litoe kwenye joto la chumba ulitumbukize kwenye haidrojeni hiyo: litasinyaa milimita 4. Chuma cha pua kitasinyaa milimita 3, titani milimita 1.5 hivi. Ndani ya pampu metali za namna hiyo zinakaa pamoja, na nafasi kati ya rota (sehemu inayozunguka) na sili (pete inayozuia kuvuja) ni sehemu ndogo ya milimita moja. Ukiipima karakanani ikawa sawa, hujapima kitu bado. Kwenye baridi sehemu moja imesinyaa kuliko jirani yake, nafasi imekwisha, rota inasaga sili. Grisi haisaidii, itaganda iwe jiwe. Beringi zinapozwa na kulainishwa na haidrojeni ileile inayopita.

Na hapo ndipo wachunguzi walipoelekeza macho baada ya GSLV kurushwa na hatua hiyo tarehe 15 Aprili 2010. Hatua mbili za chini zilikwenda vizuri, injini ya krayojeniki ikawaka. Lakini kabla ya pampu kuu kuna pampu ndogo inayoisukumia haidrojeni kutoka tankini ili pampu kuu isivute mapovu. Hiyo ndogo ilifika mizunguko 34,800 kwa dakika. Sekunde 0.9 baada ya hatua kuwashwa kasi ikaanza kushuka, na sekunde 0.6 baadaye ikasimama kabisa. Haidrojeni ikakatika, na setilaiti ya GSAT-4 ikaishia baharini. Zilibaki sababu mbili: rota ilikwama kwenye sili, au kasha la turbini lilipasuka kwa presha kupita kiasi na mkazo wa joto na baridi.

Hata kabla ya kuwasha kuna mitego. Mabomba na matanki ya haidrojeni lazima yasafishwe kwa gesi ya heliamu. Naitrojeni haifai, inaganda kwenye nyuzi 210 chini ya sifuri. Hewa kidogo au unyevu ukibaki unakuwa barafu ndani ya valvu, na chembe za oksijeni iliyoganda ndani ya haidrojeni zinaweza kulipuka. Kisha unapitisha haidrojeni kidogo kupoza mabomba na pampu. Mwanzoni inachemka yote kama maji kwenye kikaango cha moto. Ukifungua valvu kuu kabla metali haijapoa, pampu inapokea gesi badala ya kimiminika, inazunguka bila mzigo na kasi inapanda ovyo mpaka inajivunja.

Baada ya ajali hiyo Wahindi walibadilisha nafasi za beringi kwenye pampu ndogo wakizingatia msinyao, wakarekebisha mfuatano wa kuwasha, na mwaka 2013 wakaijaribu injini Mahendragiri, Tamil Nadu, ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, kwa kuwa huko juu inawaka pasipo hewa. Tarehe 19 Agosti 2013, ikiwa imebaki saa 1 na dakika 14 roketi iruke, fueli ikavuja kwenye hatua ya pili. Wakasitisha, wakaibadilisha hatua hiyo. Tarehe 5 Januari 2014, saa 10:18 jioni ya India, roketi ikaondoka kituo cha kurushia cha Sriharikota. Hatua ya tatu iliwaka dakika 12 hivi, na dakika 17 baada ya kuruka GSAT-14, kilo 1,982, ikaachwa kwenye njia yake.

Usidhani tatizo liliisha. Tarehe 12 Agosti 2021, katika safari nyingine ya GSLV, valvu ya kupunguzia presha kwenye tanki la haidrojeni ilivuja, presha ikashuka, pampu ndogo ikakosa kufanya kazi ipasavyo, na setilaiti ya EOS-03 ikapotea. Walishuku sili laini ya valvu hiyo: uchafu, au mkazo wa namna ilivyofungwa, baridi ilipoingia.

Kwa hiyo kwa mradi wako chukua sili na shafti. Huna haja ya haidrojeni: kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, baridi ya naitrojeni kimiminika, alumini imeshasinyaa karibu yote. Naitrojeni hiyo waulize wa uhimilishaji wa ng'ombe, wanahifadhia mbegu kila siku. Pima nafasi kabla ya kutumbukiza, izungushe kwa mkono ikiwa ndani, andika inaanza kukaza dakika ya ngapi. Fanyia kazi mahali penye madirisha wazi, maana gesi yake inafukuza oksijeni chumbani bila harufu, na chombo usikizibe kabisa, kitapasuka. Ukipata vipimo vya kwanza nitumie tuvitazame pamoja.

Baba yako